Bima Niliyouziwa Mbele ya Kaka Yangu

Katika simulizi yangu mliniacha mlangoni mwa baraza la madai, nimekumbatia mkoba kifuani kama mtu anayeogopa wezi, na tangu wiki iliyopita mnaniuliza kila ninapopita: Kalo, uliingia au ulikimbia?

Niliingia. Afadhali ningekimbia.

Kwa aliyechelewa: mimi ni Kalolaine, Mtonga wa visiwa vya Tonga ninayeishi ughaibuni, Mangere, muuza keke zetu za kukaanga na lu, ile nyama ya kufungwa kwa majani ya magimbi, katika soko la Jumamosi pale Otara. Nilikopa nikanunua gari la kubebea vyakula. Kaka yangu Sateki, anayepakia mizigo ya abiria uwanja wa ndege, akanidhamini. Kijana aliyetuuzia gari akatuuzia na bima ya mkopo juu yake: ukiugua ukashindwa kufanya kazi, bima inakulipia marejesho.

Nikaugua. Nikapasuliwa. Bima ikagoma kulipa, ikasema nilikuwa mgonjwa tangu kabla ya kusaini na nilificha. Gari likachukuliwa, likauzwa kwa bei ya kutupa, na deni lililobaki, pamoja na gharama ya hiyo bima isiyolipa, tukadaiwa wote wawili.

Mimi hata wakinitingisha hakidondoki kitu. Sateki ana mshahara. Nikishinda, kaka yangu anapona. Nikishindwa, atakatwa mwezi hadi mwezi kwa ajili ya gari ambalo hajawahi hata kuliendesha.

Basi. Asubuhi ya kesi nyumba yangu ilijaa. Mnanijua, nyumba tupu inanitia homa. Kwaya nzima ilikuwa jikoni, wanakaanga keke na kunichagulia nguo.

"Vaa nyeusi, mwamuzi akuonee huruma."

"Akivaa nyeusi si watasema amekwenda kuzika?"

"Kwani haendi kuzika? Anakwenda kuzika mshahara wa Sateki!"

Tulicheka mpaka mafuta yakaungua. Sateki mwenyewe alikuwa nje, ndani ya gari lake, madirisha amefunga. Haingii ndani wanawake wanaponivalisha. Hajawahi kuingia maisha yake yote.

Bronwyn ndiye aliyetukuta kwenye ngazi za baraza. Ni yule Mzungu wa ofisi ya ushauri wa madeni, anayenisaidia bure. Mle ndani mawakili na washauri hawaruhusiwi kukusemea, kwa hiyo alikuwa ananipa maneno ya mwisho.

"Utamwambia mwamuzi kwa nini ulijibu 'hapana' ulipoulizwa kama unaumwa?"

"Nitasema nitakachoweza."

"Siyo utakachoweza, Kalo. Sema ukweli. Kwamba ulikuwa unatokwa na..."

Nikamziba mdomo kwa kiganja. Jamani, nilimziba kweli, mtu mzima na heshima zake. Sateki alikuwa anapanda ngazi nyuma yetu.

"Bronwyn! Kaka yangu huyo!"

"Najua ni kaka yako," akasema baada ya kujipapatua. "Anakupenda. Atakuelewa."

"Ndiyo maana hatakiwi kusikia."

Aliniangalia kama nimeongea na ukuta.

Kwetu dada na kaka hawakai kochi moja kutazama sinema, maana hujui sinema itatoa nini. Nikiwa nazungumza na wanawake wenzangu akaingia, tunabadilisha habari hata kama ilikuwa tamu kiasi gani, na mnajua mimi kuacha habari tamu katikati ni mateso. Mambo ya mwili wangu, ya kitanda, ya uzazi, hayapiti kati yetu. Tangu tuna akili tumekuwa hivyo. Mimi kwake ni mkubwa kuliko mchungaji. Akipata samaki, kipande cha kwanza ni changu. Heshima hiyo yote imejengwa juu ya yale tusiyoambiana.

Sasa fikirieni siku ile pale kwenye yadi ya magari. Tumekalishwa kochi moja, magoti yanakaribia kugusana. Muuzaji ana karatasi, anasoma kwa sauti: una tatizo la moyo? La figo? La kike? Umewahi kutokwa damu isivyo kawaida?

Sateki akainua macho juu, akaanza kuhesabu taa za dari.

Nikajibu hapana, hapana, hapana, upesi upesi, ili yaishe. Angeniuliza kama ninapumua, ningesema hapana.

Tuliingia, Bronwyn akabaki kwenye ngazi. Meza moja ndefu, viti, birika la maji. Mwamuzi ni mama wa Kimaori, kabila la wenyeji wa nchi hii, mwenye nywele nyeupe na sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Upande wa kampuni ya mkopo alikuwepo Bi Fenwick, koti la kijivu, kalamu mbili.

Nikakaa. Sateki akaenda kukaa mwisho kabisa wa meza, kiti amekigeuza kidogo, macho dirishani.

Bi Fenwick akatabasamu. "Naona hata wenyewe kwa wenyewe hawaelewani."

Nikauweka mkoba mapajani. Nilikuwa nimeambiwa kampuni italeta maelezo ya muuzaji kwa maandishi tu, na karatasi haiwezi kukukodolea macho. Nilikuwa nimetulia kidogo.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Paula.

Paula kwetu ni jina la kiume, na huyu ni mwanamume haswa, ana shingo kama ya fahali. Ni mtoto wa mhubiri wetu. Ndiye aliyetuuzia gari. Nilimfahamu akiwa anatambaa chini ya mabenchi ya kanisa akitafuta pipi zilizodondoka. Akaja moja kwa moja, akainama, akanibusu shavu.

"Shikamoo, shangazi."

Mkiambiwa mtu kaja kuwachinja, hamtegemei aanze na shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. Ningesema nini?

Mwamuzi akaeleza mambo yalivyo, polepole, ili wote tuelewe. Ikiwa tuliaminishwa kwamba bila bima hakuna mkopo, au ikiwa maswali yaliulizwa kwa namna ambayo mtu hawezi kuyajibu, anaweza kulifuta deni. Ikiwa nilidanganya kwa makusudi, hawezi.

"Bwana Paula, uliwaambia bima ni lazima?"

"Hapana, mheshimiwa. Ni hiari. Huwa nasema hiari."

"Paula!" Nilishindwa kukaa kimya. "Ulisema bila bima hata ufunguo hatuugusi!"

"Shangazi, labda hukunielewa."

"Ulisema kwa Kitonga! Kitonga nisikielewe mimi niliyekufundisha kuimba?"

"Mama," mwamuzi akasema, "zamu yako itafika. Bwana Paula, maswali ya afya uliwauliza wakiwa pamoja?"

"Pamoja, ndiyo. Inaokoa muda."

"Na huyu mama alijibu hana ugonjwa wowote."

"Alijibu mwenyewe, kwa mdomo wake, bila kusita. Kaka yake shahidi."

Mwamuzi akanigeukia. "Sasa, mama. Siku ile ulisema huumwi. Ulikuwa unaumwa?"

Mimi ambaye kwenye msiba naombwa nipunguze sauti. Mimi ambaye nikianza habari ya ndoa ya mtu hapa, inafika Otahuhu kabla yangu. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu.

"Mama?"

"Nilikuwa... sikuwa mzima sana."

"Ulikuwa unaumwa nini?"

Nikatazama mwisho wa meza. Shingo ya Sateki ilikuwa imekakamaa.

"Naomba kaka yangu atoke nje kidogo," nikasema.

Bi Fenwick akainua kalamu. "Huyu ni mdaiwa mwenzake, na ndiye pekee mwingine aliyekuwepo siku ya kusaini. Wana nini wanachofichana?"

"Anaweza kutoka akitaka mwenyewe," mwamuzi akasema. "Bwana Sateki?"

Nilishasogeza miguu ili apite. Nilijua atainuka. Maisha yake yote ameinuka, kila nilipoingia, kila palipotajwa jambo lisilomhusu.

Hakuinuka.

"Nitakaa," akasema.

Mnajua kudhani umesikia vibaya? Nilitaka kumwita jina lake la utotoni. Nikajisemea, basi huyu naye kaogopa deni, kaamua kulinda mshahara wake, heshima imeingia bei kama samaki. Nilimchukia kaka yangu pale mezani. Nilikaa na chuki hiyo kwa muda wa pumzi chache tu, lakini nilikaa nayo.

"Asiseme yeye," Sateki akasema. Alikuwa anaongea na dirisha. "Nitasema mimi."

"Unajua alikuwa anaumwa nini?"

"Dada yangu alikuwa anatokwa damu. Ya kike."

Nilisikia Paula akivuta pumzi.

"Siku ile, kwenye lile kochi, alipoinuka kwenda kusaini, niliona mahali alipokuwa amekaa. Nikavua koti langu nikalifunika. Nikasema nakwenda nje kuvuta hewa, nikaliacha pale mpaka tulipoondoka, ili huyu kijana asione, na wengine wasione." Macho hayakutoka dirishani. "Yeye hajui kama niliona. Sasa anajua."

Lile koti. Lilikuwa koti lake la kazini, jipya. Nilimpigia simu mkewe kesho yake nikamcheka: mwambie mumeo kasahau koti kwenye yadi, uzee umemwanza mapema. Mkewe akacheka pia. Sateki hakuwahi kurudi kulichukua.

Nilifunika uso kwa viganja. Machozi hayakutoka, ilitoka sauti, kama ya mtu aliyekanyagwa mguu.

Bi Fenwick peke yake ndiye hakuyumba. Aliandika, akapiga mstari chini ya alichoandika, tena kwa furaha.

"Namshukuru Bwana Sateki kwa ukweli wake. Kwa hiyo mheshimiwa, siyo mmoja aliyejua, ni wote wawili. Mkopaji alijua anaumwa. Mdhamini alijua anaumwa. Wote wakakaa kimya, wakasaini kwamba hana ugonjwa. Sijui tunahitaji nini zaidi."

Ilichukua muda kunifikia. Ilipofika nikamwona Sateki nayo imemfikia. Alikuwa amevunja kitu pekee ambacho wazazi wetu walituachia, akakivunja kwa ajili yangu, na vipande vyake ndivyo vilivyokuwa vinatuchoma.

Akasimama. Akamwinamia mwamuzi, akatoka. Alipita nyuma ya kiti changu na hakunigusa wala hakuniangalia, na mlango akaufunga taratibu kama wa chumba cha mgonjwa.

Mwamuzi aliutazama ule mlango. Halafu akavua miwani.

"Bwana Paula. Wewe ni Mtonga."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Huyu mama na kaka yake, nimewatazama tangu wameingia. Kwetu Wamaori nako kuna miiko, lakini siwezi kuamua kwa kukisia, naamua kwa kinachosemwa mezani. Kwa hiyo nakuuliza wewe unayetoka huko. Mwanamke wa Kitonga anaweza kujibu swali kama lile mbele ya kaka yake?"

Wenzangu, pale ndipo kesi yangu yote ilipokuwa. Bi Fenwick asingejua, Bronwyn asingejua, mimi nisingeaminiwa. Mtu mmoja tu ndani ya chumba kile alijua, na alihitaji kusema neno moja tu.

Paula akapitisha kidole ndani ya kola ya shati.

"Hayo mambo ya zamani, mheshimiwa. Ya kisiwani. Sisi tuliokulia hapa hatuyafuati. Kaka na dada wanaongea chochote. Shangazi angeweza kusema, hakutaka tu."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika kabisa."

Mhubiri wetu angesikia, angeshuka mimbarini mwenyewe.

Sasa niwaambie jambo ambalo siku ile Paula alikuwa halijui, na ambalo sijaligusa humu wiki zote hizi hadi leo mwenyewe kaniruhusu, pamoja na mdomo wangu huu.

Paula ana dada. Anaitwa Vika. Tunaimba wote, yeye sauti ya pili, mimi ya kwanza. Miezi kadhaa iliyopita, nikiwa bado na gari, Vika alikuja sokoni nikiwa napanga sufuria, akanivuta pembeni, akauchukua mkono wangu akauweka kwenye titi lake, juu ya nguo. Kulikuwa na kitu kigumu kama mbegu ya parachichi.

Nilimpeleka hospitali mimi, kwa gari lile lile. Nimempeleka mara kadhaa. Nyumbani kwao hakuna aliyejua, maana mama yao alishafariki na waliobaki ni baba na Paula, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kuambiwa. "Shangazi Kalo," aliniambia, "najua wewe hufichi kitu. Hiki nifichie."

Nilikificha. Ndicho kitu pekee nilichowahi kuficha.

Na pale mezani nikaona wazi, kama mtu kaniwashia taa. Sikuhitaji kubishana na Paula. Nilihitaji kumuuliza tu: mwanangu Paula, dada yako Vika anaumwa nini kwenye titi? Kwa sauti, mbele ya watu. Angekufa ganzi. Angeinuka akimbie, au angelia, au angegeuka dirishani kama Sateki, na mwamuzi mwenye macho yale angeona jibu bila kuambiwa. Deni lingefutika. Mshahara wa kaka yangu ungebaki salama.

"Tupumzike kidogo," mwamuzi akasema. "Mtakunywa maji, mtarudi."

Sateki alikuwa kwenye korido, paji la uso kalilaza ukutani. Nikasimama mbali kidogo, mahali ninapopaswa kusimama.

"Sateki."

"Usinijie karibu, dada."

"Kwa nini hukuniambia uliona?"

"Ningekuambiaje?"

Kweli. Angeniambiaje?

"Tumeshindwa?" akauliza.

"Bado."

"Basi ukirudi ndani sema lolote unalotaka kusema. Usinifikirie mimi." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kubeba. "Yaliyokuwa ya kuheshimiwa yameshaisha. Jumapili msinitengee chakula kwako. Nitakula nyumbani."

Tangu mama yetu azikwe, hakuna Jumapili ambayo umu wangu, lile jiko la shimo lenye mawe ya moto, umefunguliwa bila Sateki. Nilitaka kupiga magoti. Nilitaka kumpiga makofi. Nikabaki nimesimama na mkoba wangu.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Alikuwa Paula na kikombe cha maji.

"Kunywa, shangazi. Umepauka."

"Niondolee maji yako."

"Shangazi, usinikasirikie. Kazi ni kazi. Nikisema nilikosea, wananifukuza leo hii, na Vika siku hizi hafanyi kazi, sijui ana nini, amekuwa mvivu tu, analala mchana kutwa. Mimi ndiye ninayelisha nyumba." Akajaribu kutabasamu. "Anakusalimu lakini. Kasema mazoezi ya Alhamisi umshikie nafasi, atachelewa."

Nikamtazama. Alikuwa hajui. Kijana mzima na shingo yake, hajui kitu. Swali lile lile lililokuwa linanisubiri ndani lingeweza kumwangusha pale pale kwenye korido.

"Nitamshikia," nikasema.

Karani akatuita.

Tukarudi. Kiti cha mwisho wa meza kilikuwa kitupu. Bi Fenwick alishafunika kalamu zake zote mbili, kama mtu anayesubiri basi. Paula akakaa mbele yangu, akaweka mikono mezani, mikono ya baba yake, ile inayotubariki.

Mwamuzi akavaa miwani.

"Mama Kalolaine, nikimwachia shahidi huyu aende, hatarudi tena. Una swali lolote kwake kabla hajaondoka?"

Kwenye kioo cha mlango niliuona mgongo wa kaka yangu.

"Ninalo," nikasema.